Toa Picha Kwenye Mfuko: Albamu na Mapambo ya Karatasi ya Kutengeneza Nyumbani

Ukiomba kuoneshwa picha za familia katika nyumba nyingi za Rusimbi, na Ujiji yote kwa jumla, hapa Kigoma, utaletewa mfuko. Ni mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, uliokaa miaka chini ya kitanda au juu ya kabati, na ndani yake picha za harusi, za maulidi, za kipaimara na za kuhitimu darasa la saba zimelaliana bila mpangilio. Zile zilizopata unyevu zimegandana uso kwa uso, na ukizibandua shavu la bibi harusi linabaki kwenye koti la mjomba. Wengine hawana hata mfuko. Picha zao zote zimo kwenye simu, na simu ikizama ziwani au ikiibwa stendi, miaka mitano ya familia imekwenda nayo.

Jambo hili linaniuma kwa sababu huku kwetu ukoo mmoja hukaa pande zote za Ziwa Tanganyika. Shangazi yuko Uvira, binamu yuko Kalemie, dada kaolewa Bujumbura, kaka mkubwa alipanda treni kwenda Dar es Salaam na sasa anarudi kwa misiba tu. Mtoto anayezaliwa leo Rusimbi atawajua nusu ya ndugu zake kwa picha. Kwa hiyo nimeamua kueleza kwa kirefu namna ya kutengeneza albamu ya familia kwa mikono, pamoja na maua, shanga, mihuri na mapambo mengine ya karatasi ya kuipendezesha, kwa vitu vinavyopatikana jikoni, kwa fundi cherehani na katika soko la Mwanga.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwanza idumu, ndipo ipendeze. Mafunzo mengi ya kazi za karatasi huanza na maua na vumbi la kung'aa, na baada ya misimu miwili ya mvua kilichobaki ni uchafu. Mimi nitaanza na karatasi yenyewe, halafu gundi. Maua yatafuata.

Karatasi hazilingani. Gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na karibu vitu vyake vyote, na ndani ya mti kuna kitu kinachoshikamanisha nyuzi zake ambacho wataalamu hukiita lignini. Lignini ikipata hewa na mwanga hugeuka njano, kisha kahawia, na karatasi hulegea kwa asidi inayozaliwa humo. Liache gazeti kwenye dirisha linalopigwa jua siku chache, utaona mwenyewe. Asidi hiyo haitulii kwenye gazeti peke yake. Huhamia kwenye chochote kinachoguswa nalo, ikiwemo picha ya marehemu babu. Hivyo gazeti litumie kutandika meza, kukaushia na kutengenezea vitu vya kufinyanga. Lisiguse picha.

Karatasi ya khaki ina hali nyingine. Hiyo imepikwa kwa dawa zinazoondoa sehemu kubwa ya lignini na kuacha nyuzi ndefu, ndiyo maana ni ngumu kuchanika. Kwetu Tanzania kiwanda cha Mgololo, kule Mufindi, hutengeneza karatasi ya namna hii. Utaipata kwenye bahasha kubwa, kwenye vifungashio vya dukani na kwenye mifuko ya saruji ya karatasi. Mfuko wa saruji una tabaka kadhaa. Tumia yale ya kati, uyakung'ute nje ya nyumba huku umejifunga kitambaa puani, maana vumbi la saruji si la kuvutwa. Khaki ni nzuri kwa jalada, kwa mifuko ya zawadi na kwa maua. Kwa kurasa zitakazobeba picha, nunua manila nyeupe au karatasi ngumu nyeupe steshenari. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ni nyepesi mno kuwa ukurasa wa albamu: A4 moja ina uzito wa gramu 5 tu, na ikibandikwa kitu hukunjamana. Ila ni nzuri kwa maelezo na kwa vishikizio vya picha nitakavyoeleza.

Manila za rangi zinavutia macho, lakini nyingi hutoa rangi zikilowa. Dondoshea tone la maji pembeni, futa kwa kitambaa cheupe. Ikiwa kitambaa kimebadilika rangi, manila hiyo iwe ya mapambo ya ukutani, mbali na picha.

Kuhusu udhaifu wa gazeti, Ujiji ina mfano wake wa kale. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, katika nchi ya Manyema ng'ambo ya ziwa, kule walikotoka mababu wa jamaa zetu wengi wa mji huu. Daftari zilimwishia, na wino pia. Akachukua gazeti la The Standard la tarehe 24 Novemba 1869 akaandika shajara yake juu ya chapa, akikatiza mistari ya gazeti, kwa wino alioupata kutoka kwenye mbegu za mmea wa kienyeji. Humo aliandika habari za mauaji aliyoyashuhudia kwa macho yake sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai, kisha akarudi Ujiji kwa miguu, ambako Stanley alimkuta mwaka huohuo. Shajara ilifika Uingereza salama, lakini karatasi iligeuka rangi na wino ukafifia kiasi cha kutosomeka kwa macho. Ilibidi wataalamu wapige picha kila ukurasa kwa mwanga wa rangi mbalimbali, na maandishi yakatolewa hadharani mwaka 2011, miaka 140 baada ya kuandikwa. Livingstone hakuwa na namna nyingine. Wewe unayo, na bei yake ni ya manila chache na penseli.

Sasa gundi. Ondoa selotepu kabisa kwenye kazi hii. Baada ya miaka gundi yake hugeuka njano, hupenya karatasi na kuacha doa lisilotoka. Gundi kali za kuunganishia viatu na plastiki nazo ziache kwa mafundi. Na zile albamu za dukani zenye kurasa za kunata na karatasi ya plastiki juu, ambazo familia nyingi zilinunua zamani, zimeharibu picha nyingi kuliko panya. Kama unayo, toa picha mapema kabla hazijaganda moja kwa moja. Gundi nyeupe ya maji ya steshenari inafaa kwa maua na maboksi. Lakini gundi ninayoipenda kuliko zote ipo kwenye muhogo, na Kigoma muhogo haujawahi kuwa tatizo.

Menya mihogo mibichi miwili mitatu, ikwangue kwenye bati lililotobolewa kwa msumari, uchanganye na maji safi na kukamua kwa kipande cha khanga kuukuu juu ya beseni. Acha beseni litulie saa moja au mbili. Chini kutakuwa na tabaka jeupe, gumu kidogo, linalotoa mlio ukilibonyeza kwa kidole: huo ndio wanga. Mwaga maji ya juu taratibu, mahali ambapo kuku na mbuzi hawatakunywa, hasa kama muhogo ni mchungu, kwa sababu sumu yake imo kwenye maji hayo. Suuza wanga mara moja tena kwa maji safi, uache utuame, mwaga, kisha anika juani mpaka ukauke. Ukihifadhiwa kwenye chupa yenye mfuniko wanga huu hukaa miezi. Usitumie unga wa ugali wenyewe, maana una makapi na baada ya kukauka huacha vijivimbe chini ya karatasi.

Kupika ni kazi ya dakika chache ila haitaki kuachwa. Chemsha karafuu tano au sita kwenye kikombe kimoja cha maji, chuja, acha maji yapoe. Koroga vijiko viwili vya chakula vya wanga kwenye maji hayo ukiwa bado hujaweka motoni, kisha weka kwenye moto mdogo na ukoroge bila kupumzika. Kwa muda mrefu utaona maji meupe tu, utadhani hakuna kitu. Halafu ghafla mwiko utakuwa mzito, weupe utaondoka, na gundi itaanza kupitisha mwanga. Endelea dakika mbili zaidi, epua, ipoe, ipitishe kwenye chujio la chai. Karafuu huchelewesha kuvu na kufukuza wadudu kidogo, lakini katika joto letu gundi hii ni ya siku mbili. Ikianza kunuka uchachu, mwaga upike nyingine. Faida yake kubwa ni kwamba ukikosea kubandika, au mjukuu wako akitaka kubandua baada ya miaka ishirini, kitambaa chenye unyevu kitailegeza bila kuchana karatasi. Kasoro yake ni kwamba mende wanaipenda. Kwa hiyo paka nyembamba, na kila kitu kikauke kabisa kabla ya kufunga kitabu.

Hata hivyo, picha usiibandike kwa gundi yoyote. Itengenezee pembe. Kata karatasi nyeupe vipande vya sentimita 4 kwa 2. Kishike kipande kwa ulalo, upande mrefu juu, tafuta katikati ya ukingo wa juu, kunja upande wa kushoto kushuka mpaka katikati ya ukingo wa chini, kisha wa kulia vilevile. Umepata pembetatu yenye mfuko ndani. Ingiza kona ya picha kwenye mfuko huo, uso wa picha ukiwa upande usio na mkunjo, fanya hivyo kona zote nne, ndipo upake gundi nyuma ya pembe tu na kulaza picha kwenye ukurasa. Picha imekaa imara, haijaguswa na gundi, na siku mtu akihitaji kuipeleka studio kuinakili anaitoa bila kuharibu kitu. Mtoto wa miaka minane anaweza kukunja pembe mia moja jioni moja akiwa anasikiliza redio.

Kabla ya kukata kurasa, jua upande ambao nyuzi za karatasi zimelala. Kiwandani karatasi huvutwa upande mmoja na nyuzi nyingi hulala upande huo. Ikunje kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande inakokubali kwa urahisi ndiko nyuzi zilikolala. Nyuzi zikienda sambamba na mgongo wa kitabu, kurasa hufunguka na kulala vizuri. Zikikatiza mgongo, kitabu hubinuka na kurasa hufanya mawimbi msimu wa mvua. Wafungaji vitabu wote wa zamani walilijua hili, na hakuna gharama yoyote kulifuata.

Kurasa kumi na mbili zinatosha kwa albamu ya kwanza. Kosa la wengi ni kushona kurasa tupu, kisha kubandika picha na maua mpaka kitabu kinapanuka mdomo na jalada halifungi. Dawa yake ni vipande vya kujazia: kwa kila ukurasa kata kipande cha karatasi ileile chenye upana wa sentimita 2 na nusu na urefu sawa na wa ukurasa, ukiweke upande wa mgongo kati ya ukurasa mmoja na mwingine. Ukipanga ukurasa, kipande, ukurasa, kipande, mgongo utakuwa mnene kuliko mbele, na nafasi hiyo ndiyo picha na mapambo yatakayoijaza. Halafu kila ukurasa uwekee mkunjo mwepesi kwa rula na mgongo wa kijiko, sentimita moja kupita pale kipande kinapoishia, ili ufunguke bila kuvutana na uzi.

Jalada ni boksi gumu, la sabuni au la mafuta ya kula, ila chagua upande usio na doa la mafuta. Kata vipande viwili vinavyozidi kurasa kwa nusu sentimita kila upande. Kutoka kila kipande kata ukanda wa sentimita 2 na nusu upande wa mgongo, uuache mbali na kipande kikubwa kwa nusu sentimita, ndipo uvike kitenge juu ya vyote viwili pamoja. Pengo hilo ndilo bawaba ya jalada. Bila hilo boksi litavunjika siku ya tatu. Vipande vya kitenge omba kwa fundi cherehani, wana magunia yake. Kabla ya kubandika kwenye boksi, kibandike kwanza kwenye karatasi ya khaki kwa gundi ya muhogo na ukiache kikauke, vinginevyo gundi itapenya na kuonekana juu ya rangi.

Toboa matundu matano kwa msumari mwembamba na nyundo, ubao ukiwa chini, sentimita 1 na robo kutoka ukingoni. Tumia shazia na uzi wa pamba uliosuguliwa kwenye mshumaa. Ukikosa, uzi wa nyavu unaouzwa kwa wavuvi Kibirizi unafaa, ila usiuvute kwa hasira kwa sababu nailoni hukata karatasi. Anza tundu la katikati, nenda mpaka mwisho, rudi, kila tundu uzungushe mgongo mara moja. Funga fundo ndani.

Kuna jambo la kukumbuka kwa jikoni zetu. Mawese yetu mekundu ni neema, lakini tone moja kwenye ukurasa halitoki milele. Kazi ya karatasi ifanywe mbali na meko, mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke, na wanaokaanga migebuka wasubiri zamu yao.

Sasa tupambe. Watu wengi wakipewa ukurasa mtupu hutawanya vitu mpaka macho hayajui yaende wapi. Mwalimu mzuri wa mpangilio umemvaa au umemfunga kiunoni. Tazama khanga: ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina lake. Ukurasa wako ufuate utaratibu huo. Pindo liwe jembamba na lirudie umbo moja. Mji ni picha, moja kubwa au tatu ndogo, zikipewa nafasi ya kupumua. Jina ni mstari mmoja chini ya picha unaosema nani, wapi, lini. Ukishika utaratibu huo, hata maua machache yataonekana ya heshima.

Kwa pindo, kata muhuri kwenye kipande cha muhogo au kiazi. Kata katikati kwa kisu kikali ili uso uwe tambarare, chora umbo rahisi, pembetatu au jani, uchonge pembeni yake. Kausha uso kwa kitambaa, gusisha kwenye sponji yenye rangi, piga kwenye gazeti mara moja kuondoa rangi iliyozidi, halafu kwenye ukurasa. Rangi mbili au tatu zinatosha. Wanakili wa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19 walipamba misahafu yao kwa rangi nyekundu, nyeusi na njano, na pindo zao hadi leo ni za kuigwa kwa utulivu wake. Ukitaka rangi ya jikoni, majani ya chai hutoa kahawia nzuri na manjano hutoa njano kali, lakini manjano hufifia haraka kwenye mwanga na chai ina asidi yake. Zitumie kwenye kadi na mifuko ya zawadi, kwenye kurasa za picha nunua rangi ya maji.

Waridi la karatasi ni rahisi kuliko linavyoonekana. Chora duara la sentimita 10 kwenye khaki au manila, kisha kata kwa kuzunguka kuelekea ndani, ukanda wa upana wa sentimita moja hivi, mkasi ukienda na mawimbi kidogo, mpaka ufike katikati na kubakiza duara dogo. Anza kuviringisha kutoka ncha ya nje, kwa kubana mwanzoni. Ukifika mwisho, liachie ua lijifungue kidogo kwenye vidole. Hapo ndipo unapoamua liwe chipukizi au lililochanua. Paka gundi kwenye duara dogo, kalishia ua juu yake, shikilia mpaka lishike. Maua mazito kama haya yawekwe kwenye jalada, kwenye kadi au kwenye fremu ya ukutani. Ndani ya albamu weka maua bapa, la sivyo yatabonyea na kuacha alama kwenye picha ya ukurasa unaofuata.

Kwa shanga za karatasi, kalenda za mwaka uliopita zina karatasi bora. Kata pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu kama 25, paka gundi kuanzia katikati hadi nchani, viringisha kwenye njiti ya meno ukianzia kitako, ukiangalia ncha ibaki katikati ya ushanga. Ukikauka upake vanishi mara mbili. Nchini Uganda, katika kilima cha Kireka kando ya Kampala, wanawake wa Kiacholi waliokimbia vita vya kaskazini wamejipatia riziki kwa shanga hizi, na mwaka 2004 lilianzishwa shirika la BeadforLife kuziuza ng'ambo. Kwenye albamu, ushanga mmoja uliofungwa mwisho wa kamba ya kufungia jalada unatosha.

Majani makavu ya mgomba nayo yana rangi ambazo duka halina, kuanzia rangi ya maziwa hadi karibu na nyeusi. Yachane ukiwa umekaa barazani, yapige pasi ya vuguvugu juu ya gazeti, yakate maumbo ya mtumbwi, mchikichi, mwamvuli, mwanamke mwenye ndoo. Kadi za namna hii huuzwa kwa wageni kote Afrika Mashariki, na hakuna sababu wageni wanaopita Kigoma kwenda Gombe wasizikute kwetu.

Na gazeti nililolifukuza mwanzoni lina kazi yake ya heshima. Waliotembelea makumbusho ya Livingstone hapa Ujiji wameziona sanamu za Livingstone na Stanley wakikutana, zilizofinyangwa kwa karatasi na gundi. Mbinu ni ileile ya bakuli la kuwekea shanga: paka bakuli la plastiki mafuta ya kujipaka kwa nje, lifunike kwa vipande vya gazeti vilivyochanwa kwa mkono na kulowekwa kwenye gundi, tabaka tatu, likauke kivulini siku nzima, kisha tabaka tatu nyingine. Ukiharakisha, ndani huota kuvu. Likikauka kabisa lichomoe, punguza ukingo kwa mkasi, lipake rangi.

Kabla hujakata karatasi yoyote kuukuu, pekua kilichoandikwa. Katika mji wetu daftari za madrasa huchanganyika na za shule, na kurasa za Biblia huangukia humohumo. Aya zisigeuzwe maua. Zitenge na kuzipeleka kwa anayejua namna ya kuzihifadhi. Vivyo hivyo vyeti, hati za viwanja na barua za zamani: nakili fotokopi, upambe kwa fotokopi, na hati yenyewe ibaki mahali pake.

Vitu vidogo vya safari vina nafasi kwenye albamu, na mimi huvithamini kuliko maua yote. Tiketi ya treni, stakabadhi ya meli, kadi ya mwaliko wa harusi ya Kasulu, bahasha yenye stempu ya Burundi. Vitengenezee mfuko mdogo wa karatasi kwenye ukurasa badala ya kuvibandika, ili viweze kutolewa na kusomwa pande zote mbili. Mtu aliyesafiri na Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa na kuanza tena kazi mwaka 1927, akiwa na tiketi yake ana kipande cha historia mfukoni.

Ukitaka kuuza, anza na kadi na mifuko ya zawadi. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, mfuko mzuri wa karatasi una mnunuzi. A4 iliyokunjwa mara mbili hutoa kadi inayoingia kwenye bahasha ya milimita 114 kwa 162, kwa hiyo usibuni vipimo vyako mwenyewe halafu ukahangaika na bahasha. Unapopanga bei hesabu na muda wako. Wanawake wengi huhesabu manila na gundi, kisha hushangaa mbona faida haionekani.

Kutunza: kazi ya gundi ifanye zaidi kiangazi, Juni hadi Septemba, karatasi zikauke vizuri chini ya ubao wenye tofali, kivulini. Mvua zikianza, albamu isigusane na ukuta wala sakafu. Ivishe kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, iweke kwenye sanduku, uifungue kila baada ya wiki chache ipate hewa. Plastiki hufungia unyevu ndani, nasi tumeshaona ilichofanya.

Kazi ngumu kuliko zote ni majina, na haifanyiki kwa mkasi. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, ukiwa umeilaza mahali tambarare na kuandika ukingoni; kalamu ya wino hubonyeza na alama ikaonekana mbele, na wino wake huhamia kwenye picha nyingine. Keti na wazee wakiwa hai na wana nguvu ya kukumbuka. Ukiuliza, "Bibi, huyu mwenye kofia ni nani?" utajibiwa, "Huyo ni baba yake mjomba wako wa Kasulu, mwanangu, siku hiyo tulikuwa tunamsindikiza kituoni." Usiishie hapo, wala usimuulize mwaka, kwa sababu wazee wengi hawahesabu hivyo. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo analolijua: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakimbizi wa Burundi wa 1993, wale wa Zaire wa 1996, mvua za El Nino za 1997 na 1998, msiba wa Mwalimu Nyerere wa Oktoba 1999. Kwa maswali mawili matatu utapata mwaka au karibu yake. Usipopata, andika "kabla ya El Nino" hivyohivyo.

Picha ambazo hakuna anayezitambua usizitupe. Mwisho wa albamu acha kurasa nne tupu na ubandike bahasha kubwa ya khaki ndani ya jalada la nyuma, ukiwa umeiwekea karatasi nyeupe ndani ili khaki isiguse picha. Humo zikae, na penseli fupi pembeni yake. Idi au Krismasi ikifika, ndugu wa Uvira na wa Dar wakishuka, wapeni chai kwanza, kisha wapeni bahasha.